Breki Akae Nje

Chumba cha vipimo hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza, kiti cha mbele chenye mikono, skrini nyeusi pana kama trei ya chai ya wageni wengi, na kiti cha plastiki nyuma kabisa, karibu na mlango. Kiti cha mbele kilikuwa cha Fundi. Cha nyuma kilikuwa cha mume wake, ambaye marafiki walimwita Breki.

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo, na watu waliendelea kumwita hivyo hata baada ya macho yake kuzima. Ugonjwa wake ulikuwa wa kurithi. Ulianza ujanani, akawa anajigonga milangoni kila jua linapotua. Kisha ukala uwezo wake wa kuona kutoka pembeni kuelekea katikati, kidogo kidogo, hadi siku aliyomuuliza mteja kwa nini hawawashi taa, na mteja akamjibu kwa upole kwamba ni mchana. Daktari wa macho alimweleza kwamba kwa nje jicho ni zima. Kilichokufa ni retina, lile tandiko jembamba lililo nyuma ya jicho, linalopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Dawa hakuna, alisema, ila utafiti upo.

Ndivyo alivyoingia kwenye utafiti. Walimpasua jicho la kulia, wakaweka juu ya retina kipande kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, chenye ncha za kupitisha umeme. Baada ya kupona akapewa miwani yenye kamera na kisanduku cha kufunga kiunoni. Kamera inapiga picha ya kilicho mbele, kisanduku kinaipunguza picha hiyo kuwa madoa machache ya mwanga, na yale madoa yanatumwa ndani ya jicho.

"Hutaona uso wa mtu," daktari alimwambia siku ya kuwasha. "Hutatunga uzi kwenye sindano. Utaona madoa tu, na itabidi ujifunze maana yake, kama mtu anayeanza kusoma ukubwani."

"Daktari, mimi nimekaa gizani muda mrefu. Nipe hata cheche."

"Cheche nitakupa. Kusoma ni kazi yako."

Sharti walielezwa mapema, na Fundi alilijua kama anavyojua sala ya asubuhi. Muda wa mafunzo ukiisha kutakuwa na kipimo cha mwisho. Kikionyesha kwamba kifaa kinamsaidia, atabaki na miwani na kuendelea. Kisipoonyesha, miwani itarudishwa, na kile kipande kitabaki kimelala jichoni bila madhara na bila faida. Fundi alitaka kubaki na miwani. Alitaka kurudi kukaa dukani kwake na kujua mteja amesimama mlangoni kabla hajaita. Hilo tu ndilo alilomwomba Mungu, na aliliomba kila siku bila kuona haya kulirudia.

Mtafiti aliyempima alikuwa binti mwenye sauti ya taratibu. Breki alimwita Profesa.

"Mimi bado si profesa, baba."

"Utakuwa. Nimekupandisha cheo mapema ili usije ukanisahau."

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kukieleza. Mraba mweupe unatokea mahali fulani kwenye skrini nyeusi. Fundi anageuza kichwa polepole, huku na huku, kwa sababu kamera iko kwenye miwani na haiwezi kuona mahali kichwa kisipoelekea. Akidhani ameupata, anagusa skrini kwa kidole, kisha mraba mwingine unatokea kwingine.

Mwanzoni Fundi alikosea sana. Baadaye akaanza kupatia, na kadiri wiki zilivyopita alipatia zaidi, mpaka mtafiti akawa anamwita daktari aje kushuhudia.

"Mama, wewe ni nyota ya utafiti huu," daktari alisema siku moja.

"Sifa kwa Mungu," Fundi akajibu.

"Na mimi je, ninayemleta?" Breki akauliza kutoka nyuma.

"Wewe ni nauli," mkewe akamwambia, na wote wakacheka.

Jina la Breki lilikuwa na historia. Aliendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote ya kazi, na hata baada ya kustaafu mwili wake haukuamini kwamba umestaafu. Akipanda gari la mtu mwingine, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu kila mbele kunapotokea kitu, na meno yake hubana huku akivuta hewa katikati yake: sss. Hata mtoto akikimbia na kikombe cha chai, Breki huvuta: sss. Wenzake walimtania hivyo tangu zamani, mpaka jina lake halisi likabaki la kwenye vitambulisho tu.

Tangu macho ya Fundi yazime, walitembea pamoja yeye akishika kiwiko cha mumewe. Hawakuzungumza sana njiani. Kama kuna shimo, Breki alivuta hewa, na Fundi akapunguza mwendo. Hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo hilo wala kulitaja. Lilikuwa limejijenga lenyewe katika miaka ya kutembea bega kwa bega.

Nyumbani Fundi alikuwa na mazoezi ya kila siku. Breki alitandaza kitambaa cheusi mezani, akaweka sahani nyeupe hapa na pale, na Fundi akazitafuta kwa miwani na kuzigusa. Wiki moja kabla ya kipimo cha mwisho walifanya hivyo mchana, baada ya kula. Fundi alifunga kisanduku kiunoni na kukibonyeza, lakini redio ilikuwa ikipiga kelele za mpira na mlio wake wa kuwaka usingesikika. Breki akazima redio ili mkewe atulie, akaketi upande wa pili wa meza na kuanza kumenya chungwa.

Siku hiyo Fundi alipatia kila sahani. Hata ile ndogo ya kikombe, iliyowekwa ukingoni kabisa.

"Leo umetia fora," Breki alisema. "Binti yule akiona hivi atakupa kazi."

Fundi alicheka, akafungua mkanda. Kiganja chake kilipokishika kile kisanduku, akakipapasa tena. Kila baada ya mazoezi kisanduku huwa na joto, kama pasi iliyozimwa punde. Sasa kilikuwa baridi.

"Hiki kitu umekichaji?"

"Asubuhi nilikichomeka."

"Halafu?"

Breki akafikiri. "Halafu papo hapo nikachomoa nipige pasi shati. Lakini nilirudisha." Akaenda kuangalia. Akaita kutoka kwenye soketi: "Sikurudisha."

"Kwa hiyo hakikuwaka."

"Haiwezekani. Umepatia sahani zote."

"Ndiyo maana nakuuliza," Fundi alisema. "Nimepatia vipi?"

Madoa ya mwanga alikuwa ameyaona, hilo hakudanganya. Lakini daktari alikwishamwonya kwamba retina iliyokufa ina tabia ya kujiwashia vimulimuli vyake yenyewe, bila kitu chochote mbele. Fundi alikuwa na vimulimuli hivyo tangu zamani, na hakuwahi kujifunza kuvitenga na vile vya kifaa. Hakuwa na haja. Kichwa chake kilijua kila mara mahali pa kusimama.

Akavaa miwani ile iliyokufa. "Panga tena sahani. Ukishapanga, kaa hapo hapo ulipokuwa."

Akageuza kichwa polepole. Safari hii hakutafuta mwanga. Alisikiliza. Kichwa chake kilipofika kulia kidogo, upande wa pili wa meza ikaja hewa nyembamba katikati ya meno. Fundi akanyoosha mkono. Sahani.

"Sasa nenda jikoni, ufunge mlango."

Breki akaenda. Fundi akageuza kichwa kushoto, kulia, kushoto. Akanyoosha mkono, akagusa kitambaa. Akajaribu tena, akagusa ganda la chungwa. Mara ya tatu alisukuma kisu kikaanguka.

"Mke wangu," Breki aliita kutoka jikoni, "mimi sijakwambia neno hata moja! Mungu shahidi!"

"Neno hujasema. Umefunga breki."

Walikichaji kisanduku, na kesho yake wakajaribu tena, kifaa kikiwa kinawaka kweli na Breki akiwa nje. Fundi alipata sahani chache, na nyingine akazipita kama hazipo. Jioni waliketi wote wawili pale mezani. Breki alikuwa na aibu, na alipokuwa na aibu alikuwa mbishi.

"Sikukusudia."

"Najua."

"Sasa kwa nini unanuna?"

"Sinuni. Ninafikiri. Mpaka leo sijui kama nimeona mraba hata mmoja pale hospitali. Labda nimekuwa nikikuona wewe tu, kwa masikio."

"Sikiliza. Kipimo cha mwisho ni wiki ijayo. Mimi nikikaa pale nyuma, utapita. Ukishapita, miwani ni yako, na kujifunza utajifunza baadaye kwa nafasi yako. Nani atajua?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini haandikishwi kazi pale hospitali."

"Usimtaje kwa mzaha, baba," alisema Fundi bila ukali. "Na si Yeye peke yake. Kuna watu wanangoja matokeo yangu. Watapasuliwa macho kwa sababu mimi nimefanya vizuri. Mtu anapasuliwa jicho, kumbe ni wewe ulivuta hewa. Huyo mtu utamwambia nini?"

Breki alichukua kitambaa cheusi, akakikunja vizuri sana, kona kwa kona, kazi ambayo siku zote humwachia mkewe.

"Watakunyang'anya miwani," alisema mwishowe.

"Huenda."

"Na hilo duka?"

"Nimeliombea. Sijasema sitaendelea kuliombea."

Kabla ya kulala Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. Maombi yake yalikuwa mafupi kuliko kawaida. Hakuomba macho. Aliomba apewe mdomo wa kusema kabla hajaulizwa, maana alijijua: akishapewa kiti na kusifiwa, angeweza kunyamaza.

Siku yao ya mazoezi hospitalini ilipofika, Fundi hakungoja kukaa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha vipimo, mkono kwenye kiwiko cha mumewe, akamweleza mtafiti yote: kisanduku baridi, sahani, hewa katikati ya meno. Mtafiti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tujaribu, mama," akazima kifaa, akamwomba Breki aketi mahali pake na kuwa kama siku zote.

"Nitakuwaje kama siku zote na mnaniangalia?"

"Basi tazama skrini tu, baba. Usitufikirie sisi."

Mraba ulitokea. Fundi akageuza kichwa na kuugusa. Ukatokea mwingine, akaugusa nao. Mtafiti alisogea taratibu mpaka karibu na kiti cha nyuma, akainama. Baada ya miraba michache akainuka.

"Nimeisikia hiyo hewa," alisema. "Ni ndogo mno. Kiyoyozi kinaifunika. Na wewe mwenyewe baba hujui kama unafanya."

"Hata sasa sijajisikia," Breki akakiri. "Nauona mraba, naona anaupita, na… basi."

Daktari aliitwa. Alifika, akaelezwa, akavuta kiti na kuketi mbele ya Fundi. Fundi alisikia kalamu yake ikigonga goti.

"Mama, nikwambie jambo ambalo hukuwa ukilijua," alisema. "Siku ya kipimo cha mwisho tungekupima miwani ikiwa imewashwa, halafu ikiwa imezimwa, kwa kuchanganya, bila kukuambia. Tunalinganisha. Ungepatia kote kote. Nasi tungeandika kwamba kifaa hakikusaidii chochote, maana bila hicho unafanya vilevile. Tungeichukua miwani tukijua tumefanya haki."

"Kwa hiyo hata ningenyamaza…"

"Ungeikosa. Na sisi tusingejua kwa nini."

Breki alijifuta uso kwa leso. "Profesa," alisema, "yaani ningemponza kwa mapenzi."

"Kosa si lako, baba," mtafiti alijibu. "Kiti kile nilikiweka mimi. Nilitaka wagonjwa wasiogope. Sikufikiria kwamba mtu anaweza kusaidia bila kujua anasaidia."

Alama zote za nyuma zilifutwa, na suala likapelekwa kwa kamati ya utafiti. Siku za kungoja zilikuwa ngumu. Fundi hakugusa miwani, kwa sababu hakujua kama ni yake. Jibu lilipokuja lilikuwa la katikati: mafunzo yataanza upya, lakini kwa wiki chache tu, kwa kuwa ratiba haikuwa na nafasi zaidi. Kipimo cha mwisho kiko palepale na sharti ni lilelile. Na katika mazoezi yote, nyumbani na hospitalini, mume akae nje.

Mtafiti alimfundisha jambo moja ambalo hawakuwa wamelisisitiza mwanzoni. "Ukiona mwanga, mama, ziba kamera kwa kiganja. Mwanga ukizimika, ulikuwa wa kitu kilicho mbele yako. Ukibaki, ni jicho lako linajichezea."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Ziba, achia, ziba, achia. Siku za kwanza karibu kila mwanga ulibaki. Fundi alichoka kichwa, akakasirika, akalia mara moja, na mara nyingi alitaka kumwita mumewe aingie hata kidogo tu. Hakumwita. Aligundua kwamba mwanga wa kweli ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani, na ulikuja na kuondoka kwa ghafla, na yeye siku zote alikuwa akiupuuza kwa sababu ule wa uongo ulikuwa mzuri zaidi.

Breki alihamia barazani na gazeti lake. Majirani hawakumwacha.

"Vipi, umefukuzwa?"

"Gari liko gereji. Naruhusiwa kusubiri tu."

"Na fundi anasemaje?"

"Fundi yuko ndani anajitengeneza mwenyewe."

Alicheka nao, lakini walipopita alikunja gazeti bila kusoma. Kwa miaka mingi hakuwahi kuwa mahali ambapo mkewe yuko upande wa pili wa mlango akihangaika naye hafanyi lolote. Siku moja alisikia sahani ikivunjika, akafika mlangoni, akashika kitasa. Akakishika hivyo hivyo mpaka aliposikia ufagio ukizoa vigae. Hapo akarudi kuketi. Baadaye Fundi alimwambia, "Nilikusikia mlangoni." Breki akasema, "Sikufungua." "Nilisikia na hilo pia."

Siku ya kipimo, Breki alibaki kwenye benchi la korido, na kwa hiari yake akaenda benchi la mbali. Ndani, kile kiti cha plastiki kilikuwa kimeondolewa. Fundi alimwomba mtafiti ampe dakika ya kusali, akasali kimya, na kazi ikaanza.

Miraba ilikuja. Mingine hakuiona kabisa, na aliposema "Sijui," mtafiti alimwambia aguse anapobahatisha, ndivyo utaratibu ulivyo. Mingine ilikuja kama mkwaruzo wa mwanga juu kushoto. Aliziba kamera, mkwaruzo ukazimika, akaachia, ukarudi, akagusa. Kuna kipindi mwanga wote ulikuwa wa kubaki, hata alipoziba, na akadhani ameupoteza ujuzi wake wote. Akaendelea kugusa kwa kubahatisha. Kisha mikwaruzo ikarudi.

Kipimo kikaisha. Mtafiti alifanya hesabu, akamwita daktari, naye akazirudia.

"Kile kipindi ulichohangaika, kifaa kilikuwa kimezimwa," daktari alisema. "Hapo ulikuwa unabahatisha tu, na alama zinaonyesha hivyo. Kilipowashwa, hukufika hata nusu."

Fundi akashusha mabega.

"Ngoja, mama. Hukufika nusu, lakini ulipatia zaidi sana kuliko mtu anayebahatisha. Tofauti ipo. Si kubwa kama ile tuliyoishangilia. Lakini hii ni ya macho yako."

"Na miwani?"

"Miwani unaondoka nayo."

Alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akamshukuru daktari, kisha mtafiti, kwa mpangilio huo, akainuka na kutafuta mlango kwa mkono.

Breki alimwona kutoka mbali. Hakukimbia. Alikuwa amefunga mdomo wake kwa leso kama mtu mwenye jino bovu, na wauguzi waliopita walimtazama.

"Wamesema nibaki nayo," Fundi alisema kuelekea upande wa pili wa korido.

Leso ikatoka. "Unasema kweli?"

"Sasa hivi nimemaliza kusema kweli mpaka nimechoka. Usisogee. Umevaa nini?"

"Shati jeupe. Lile nililokuwa napiga pasi siku ile."

"Tangulia kwenda getini. Usiniambie kitu, usivute chochote."

"Na ukijigonga?"

"Nitajigonga."

Breki akageuka na kutembea polepole katikati ya korido. Fundi alinyoosha kichwa, akakipeleka kushoto, kulia. Mwanga ukatokea. Akaziba kamera, ukazimika. Akaachia. Ulikuwepo tena, sasa mdogo kidogo, ukipandapanda na kushuka. Akaanza kuufuata, mkono mmoja ukigusa ukuta.

"Unaniona?" Breki aliuliza bila kugeuka, maana hakuweza kujizuia kabisa.

"Naona kitu cheupe kinatembea kama kina deni la watu."

"Ndiye mimi huyo."

"Basi ongeza mwendo," Fundi alisema, "kinataka kunipotea."